Bastola Ndogo, Gharama Kubwa

 

Mada ya leo ni nzito, na nakuombeni muisikilize mpaka mwisho kabla ya kuhukumu. Nataka tuzungumze kuhusu bastola. Nakusudia hasa ile bastola ndogo ya chuma, ya kukaa kiunoni chini ya shati au ndani ya mkoba. Siku hizi mfanyabiashara akivunjiwa duka, marafiki wanaokuja kumpa pole hawakosi mmoja wa kumwambia, "Bwana, tafuta bastola." Na yule aliyekwenda kuulizia hurudi akilalamika kwamba bei imepanda, haishikiki.

Basi nina maswali matatu. La kwanza: kwa nini bei inapanda? La pili: ukishalipa dukani, ndiyo umemaliza kulipa? La tatu, ambalo ndilo kubwa: unapata nini kwa fedha hiyo? Bei, gharama, na thamani. Nitayarudia maneno haya matatu mara nyingi usiku huu, kwa sababu watu wengi huyachanganya. Wanaijua bei, hawaijui gharama, na thamani wanaikisia tu.

Tuanze na bei.

Bastola za leo, ukiziangalia kwa jumla, ziko za aina mbili. Ziko ambazo umbo lake lote ni chuma, na ziko ambazo mpini na kiunzi chake ni plastiki ngumu, chuma kikabaki kwenye mtutu na sehemu ya juu. Hizi za plastiki zilienea duniani baada ya mwaka 1982, jeshi la Austria lilipochagua bastola ya mhandisi Gaston Glock. Plastiki humiminwa katika kalibu, kikatoka kiunzi kimoja baada ya kingine kwa haraka. Bastola ya chuma haitengenezwi hivyo. Kipande cha chuma cha pua hukatwa na mashine, hutobolewa, husuguliwa, hutiwa dawa ya kuzuia kutu, na mara nyingi fundi hukimalizia kwa mkono. Na msidhani kwamba udogo unapunguza kazi. Bastola ndogo ina vipande vilevile vya kubwa, ila vimebanwa mahali padogo, na kosa la unywele mmoja linaonekana.

Kwa nini basi watu bado wanaitaka ya chuma? Kwa sababu uzito wake una faida. Bastola inapofyatuliwa hurudisha teke mkononi, na ikiwa ndogo na nyepesi teke hilo ni kali zaidi. Chuma hulipunguza. Halafu kuna wakusanyaji wa vitu vya kale huko Ulaya na Marekani, wanaozisaka bastola ndogo za zamani, kama Walther PPK iliyotoka mwaka 1931, na zile alizobuni John Browning zikatengenezwa Ubelgiji. Za miaka ile haziongezeki tena, wanaozitaka wanaongezeka, na bei inapanda.

Na sisi huku Zanzibar tuna letu. Bastola inaagizwa kutoka nje, na ya nje hulipiwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Kufika katikati ya 2024 ilikuwa imeshapita 2,600. Mfanyabiashara wa Darajani anayeagiza vitambaa au vipuri anaijua habari hiyo vizuri kuliko mimi, na bastola nayo haikusalimika.

Sitakutajieni bei ya dukani, kwa sababu ya leo si ya kesho. Inatosha kusema kwamba bastola mpya ni jambo la mamilioni ya shilingi, na kwamba ya chuma kwa kawaida huizidi ya plastiki.

Sasa swali. Je, bei hii kupanda ni msiba? Je, ingekuwa heri bastola zingekuwa rahisi, kila mtu akamudu?

Wasikilizaji, Zanzibar hatuhitaji kukisia jibu. Tumewahi kuishi na bunduki za bei rahisi. Katika karne ya 19 mataifa ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha za majeshi yao. Walipopata bunduki mpya za kushindilia risasi kwa nyuma, zile kuukuu waliziuza, na soko moja kubwa likawa hapa kwetu. Bunduki za gumegume na magobore zilishushwa bandarini Unguja pamoja na mapipa ya baruti, zikavushwa kwenda Bagamoyo, zikabebwa na misafara mpaka Unyanyembe, Ujiji na Manyema. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Zanzibar, Euan-Smith, aliandika kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka kupitia Zanzibar. Kila mwaka!

Bunduki hizo zilikuwa rahisi kwa nani? Kwa mnunuzi. Lakini kule bara vijiji vilivamiwa, watu wakatekwa, mashamba yakachomwa, na pembe za ndovu zikabebwa vichwani na mateka. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye nyumba yake ipo Shangani mpaka leo, tunamjua kwa jina la Tippu Tip, na mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake. Watu waliokuwa wakikimbia ndio waliompa jina. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini silaha ziliendelea kumiminika, mpaka mataifa yalipokutana Brussels na kutia saini mkataba wa mwaka 1890 wa kuzuia biashara ya watumwa na kudhibiti uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika.

Kwa hiyo mtu akiniambia bastola imekuwa ghali, simpi pole. Silaha ikiwa rahisi kwa mnunuzi, kuna mwengine mahali fulani anayelipa tofauti. Naomba hilo tulishike, tutalirudia.

Hiyo ni bei. Sasa twende kwenye gharama.

Nasema gharama kwa maana ya kila kinachokutoka baada ya kulipa dukani. Watu wengi hapa ndipo wanapokosea hesabu.

Kwanza kuna sheria. Nchi yetu ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Huwezi kununua bastola kama unavyonunua simu. Unaomba, maombi yako yanapita ngazi kwa ngazi, vyombo vya usalama vinakuchunguza wewe ni nani na una sababu gani, unatakiwa uwe na uwezo wa kuitumia silaha, na leseni ikitoka inakuwa na ada na masharti yake. Mwaka 2016 wamiliki wote walitakiwa wapeleke silaha zao kuhakikiwa. Kwa hiyo hii ni mali ambayo Serikali inaweza kukuita wakati wowote ikakuuliza: iko wapi, na risasi zake ziko ngapi?

Pili kuna mazoezi. Hapa niseme wazi. Bastola ndogo ni ngumu kuipiga sawasawa kuliko kubwa. Mtutu wake ni mfupi, vilengeo vyake vimekaribiana, na mpini wake haukijazi kiganja. Mkono ukitetemeka kidogo tu hapa, risasi inakwenda kando sana kule. Asiyefanya mazoezi ya mara kwa mara hana ulinzi wowote mkononi mwake, ana kishindo tu. Na mazoezi yanataka risasi, risasi zinataka fedha, na yanataka mahali panaporuhusiwa. Jiulize, hapa Unguja utakwenda mara ngapi kwa mwaka?

Tatu kuna mahali pa kuiweka. Si chini ya mto. Si juu ya kabati. Si baina ya nguo. Bastola inataka sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, risasi zikawa mbali nayo, na ufunguo ukawa kwa mtu mmoja. Nyumba zetu mnazijua. Kuna babu, kuna bibi, kuna mashangazi, kuna watoto wa ndugu waliokuja kusoma skuli mjini. Sikukuu ikikaribia watoto hupekua kila kabati kutafuta nguo mpya zilikofichwa. Mtoto wa miaka sita anaijua bastola kutoka kwenye televisheni. Akiikuta, atafanya nini?

Na nne kuna bahari. Hili watu wa bara huenda wasilifikirie, lakini sisi tunalijua kwa macho yetu. Kaiangalie kufuli ya duka lolote la Forodhani au Malindi lililo karibu na maji. Mwezi wa kwanza inang'aa. Mwezi wa tatu kunatokea madoa mekundu kwenye kishikio. Msimu mmoja wa masika ukipita, ufunguo unagoma. Upepo wa chumvi haumwachi mtu. Sasa chukua bastola ya chuma, ikae kiunoni kwenye jasho kutwa nzima. Ukiifungua usiku unakuta vumbi jekundu chini ya kibao cha mpini, kwenye kichwa cha skrubu, na ndani ya mdomo wa mtutu. Usipoipangusa na kuipaka mafuta, springi inachoka, risasi zinakwama, na siku unayoihitaji haifanyi kazi.

Wazee wetu waliujua ukaidi wa chuma mbele ya bahari. Nenda kaitazame mizinga miwili ya Kireno iliyowekwa mbele ya Beit al-Ajaib. Iliwahi kuwa kisiwani Hormuz, Waajemi wakaiteka kutoka kwa Wareno mwaka 1622, na mwisho wake ikafika kwetu. Nembo ya Ureno imedumu juu yake. Imedumu kwa sababu ni ya shaba iliyochanganywa na bati. Ingekuwa ya chuma kitupu, ikikaa mbele ya bahari ile, nembo ingeshalika zamani. Bastola yako si ya shaba. Ni ya chuma, na bahari itaidai kila siku.

Nirudie basi. Leseni, mazoezi, sefu, na matunzo. Hizo ni gharama nne, na zote zinalipwa na mmiliki. Lakini iko ya tano, nayo mmiliki hailipi peke yake. Hiyo nataka nikueleze kwa kisa cha kweli.

Siku ya Jumapili, tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana aitwaye Gavrilo Princip alimpiga risasi mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria pamoja na mkewe. Mkononi alikuwa na bastola ndogo ya chuma, Browning ya mwaka 1910, iliyotengenezwa Ubelgiji. Uzito wake haufiki kilo moja. Mtu angeweza kuitia mfukoni na asijulikane.

Mnajua yaliyofuata: Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisemi kwamba bastola ile ndiyo iliyoleta vita vile peke yake. Mataifa makubwa yalikuwa yameshajaa chuki na silaha. Lakini cheche ilitoka pale. Na sasa sikilizeni ilipofika. Jumapili nyingine, tarehe 20 Septemba 1914, wiki 12 tu baadaye, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilikuja alfajiri mpaka bandari ya Unguja. Ilikuta manowari ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga hapa kwetu ikitengenezwa mitambo yake, haiwezi kuondoka. Ikaipiga mizinga mpaka ikazama. Watu wa mji walishtuliwa usingizini na vita ambavyo hawakuvianza wala hawakuulizwa. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yapo kisiwani Chapwani, mbele ya mji, na wavuvi wetu wanapita karibu yake kila siku.

Ndugu zangu, Sarajevo iko mbali na Unguja kiasi gani? Na ile bastola bei yake ilikuwa ngapi? Aliyeinunua alilipa fedha kidogo. Waliolipa gharama walikuwa watu wa mabara yote. Hiyo ndiyo gharama ya tano: risasi ikishatoka mtutuni, hakuna anayejua itamfikia nani.

Tumeshasema bei, tumeshasema gharama. Sasa thamani. Unapata nini?

Mnunuzi atanijibu, "Napata usalama." Jibu hilo nalichukulia kwa heshima, kwa sababu hofu ya watu ni ya kweli. Aliyeamka saa nane za usiku akakuta mwizi ukumbini, akiwa na wanawe vyumbani, huwezi kumwambia hofu yake haina msingi. Lakini tulipime jibu lake.

Mji Mkongwe una vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana, mmoja hugeuka ubavu. Nyumba nyingine ndani zimegawanywa kwa mbao, na vyumba vinatazamana. Kule Ng'ambo na vijijini ukuta mmoja unatenganisha familia mbili. Risasi ikikosa mwizi, inakwenda kwa nani? Na huyo unayemwona gizani, una hakika ni mwizi? Kisiwa hiki hakilali sana usiku. Wavuvi wanatoka na kurudi kwa maji, maji hayana saa. Watu wanakwenda msikitini kabla ya alfajiri. Ramadhani vijana wako nje mpaka wakati wa daku. Kijana aliyechelewa, akaruka ukuta wa nyuma ili mama asijue, ni mwanao. Sekunde mbili za kuamua, gizani, moyo unadunda, na chombo ambacho kosa lake halirekebishiki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tena jambazi ndiye anayechagua wakati. Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akiwa ndani ya gari, akifika kanisani Beit-el-Ras kuongoza ibada. Kisiwa kizima kiliingia simanzi, Waislamu kwa Wakristo. Nalitaja jina lake kwa heshima, na ninalitaja kwa sababu tukio lile linatuonyesha jambo. Anayekuja kuua haji kupigana. Anavizia, anapiga, anaondoka. Hata mtu mwenye bastola kiunoni, katika hali kama ile, angeitoa saa ngapi?

Kuna jambo jengine. Silaha haimjui mwenyewe. Ni ya aliyeishika. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, bila ya kuingia katika mabishano ya historia yetu, waliovamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni wengi wao walikwenda na mapanga, pinde na marungu. Walikwenda kufuata bunduki zilizokuwa ndani. Kufika asubuhi, silaha zilizowekwa kuilinda serikali zilikuwa mikononi mwa walioipindua. Kama hilo lilitokea kwenye ghala lenye kuta na askari, bastola iliyo kwenye kabati ya chumbani italindwa na nani? Mwizi akijua una bastola, sasa ana sababu mbili za kuja kwako: fedha zako, na bastola yenyewe.

Na adui mwengine hatoki nje. Wenyewe tunasema hasira hasara. Ugomvi wa mume na mke, wa ndugu na ndugu kwa ajili ya kiwanja, wa kijana aliyefeli mtihani na akajiona hana maana tena. Bila silaha, ugomvi hupoa, wazee wakaitwa, mambo yakazungumzwa. Mtu aliyekata tamaa akapata usiku mmoja wa kufikiri na asubuhi akampata wa kumsikiliza. Bastola haitoi nafasi hiyo. Huko Marekani, nchi yenye bastola nyingi kuliko zote, zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi ni watu waliojiua wenyewe. Utafiti mmoja wa jimbo la California, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa wanaume wenye bastola walijiua kwa silaha mara nane zaidi kuliko wanaume wasiokuwa nayo. Mara nane. Walinunua wakidhani wanamzuia mtu wa nje.

Basi tukiweka kwenye mizani: upande mmoja kuna bei inayopanda na gharama tano. Upande wa pili kuna usalama ambao, kwa watu wengi, haupo. Mizani inaelemea wapi?

Sitaki kuwa mtu wa upande mmoja. Wako watu ambao kazi yao inawalazimu. Wanaosafirisha fedha za benki, walinzi wa kampuni zilizosajiliwa, na wengine wachache ambao vyombo vya usalama vimeona sababu zao ni za kweli. Kwa hao nasema: fuateni njia ya sheria hatua kwa hatua. Kama bastola ni ya lazima, nunueni ile mnayoweza kuitumia kwa usahihi na kuitunza kila wiki, hata kama si ile ya chuma inayopendeza macho. Weka fungu la sefu, la mazoezi na la matunzo kabla ya kuweka fungu la kununua. Ukiona huwezi yote hayo, basi hujamudu kumiliki bastola, hata ukiwa na bei yake mfukoni.

Na kwa sisi wengine, tulio wengi? Mamilioni yale yana kazi nyingine. Bei ya bastola moja na sefu yake inatosha kutia mlango wa maana, nondo madirishani, na taa inayoumulika uchochoro mzima, na jirani naye akafaidika. Usilaze mauzo ya siku nyumbani. Tuna Benki ya Watu wa Zanzibar tangu mwaka 1966, tuna benki nyingine, tuna pesa za simu. Mwizi anayejua kwako hakuna fedha hana safari ya kuja. Shirikianeni na sheha wenu na polisi jamii katika shehia. Iwekeni namba 112 ya polisi ambapo hata mtoto anaweza kuipiga. Na mjuane na majirani. Mtaa ambao kila mtu anamjua kijana wa kila mtu, mgeni wa saa nane za usiku huonekana.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa baadhi ya familia zetu. Ziko nyumba, mjini na mashamba, ambazo mzee ameshatangulia mbele ya haki na ameacha bastola. Pengine ni ya zamani sana, imefungwa kitambaa, iko chini ya sanduku. Watoto wanajua ipo, hakuna anayeitaja. Wengine wanasikia kwamba bastola za kale za chuma zina bei kubwa nje, wakaanza kuitia katika hesabu za mirathi. Nakuombeni sana, silaha hairithiwi kama shamba la mikarafuu. Leseni ni ya mtu, na mtu akifa leseni yake haimpi mwanawe haki ya kuishika silaha ile. Ukikaa nayo kimya, umekwishakuwa mvunja sheria, na siku mjukuu akiikuta, thamani ya kale haitamsaidia mtu.

Mwaka 2022, na tena 2023, Serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili, Septemba na Oktoba, ili wanaomiliki silaha kinyume cha sheria wazisalimishe kwa hiari bila ya kushitakiwa. Nchi zetu za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi, Aprili 2004, zikaahidi kuzisajili silaha zilizo mikononi mwa raia na kuhakikisha zinatunzwa salama. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa na Serikali peke yake. Inatimizwa na mimi na wewe, chumbani kwetu.

Kwa hiyo, kama una silaha ya marehemu, usingoje msamaha mwengine. Usiiguse, usiisafishe, usimpe kijana aende nayo njiani. Nenda kituo cha polisi ukaeleze, upate maelekezo ya kuikabidhi. Na kama ulikuwa umeshaanza kuweka fedha za kununua bastola, nakuomba usiku huu ukae na familia yako, mpige hesabu yote, ya bei, ya gharama na ya thamani. Hukumu yangu mimi nimeshaitoa: kwa wengi wetu wa Unguja, bastola ndogo ya chuma ni ghali kwa bei yoyote. Fedha hizo zipelekeni kwenye mlango, kwenye taa, na kwenye ada ya mtoto.